Juma lina saa 168: usingizi wako umeuweka wapi?



Kila Jumatatu kuko watu wanaokuja dispensari na neno moja: "Wakati hautoshi." Mmoja anataka dawa ya kichwa, mwingine anataka vitamini, mwingine anaomba sindano ya nguvu. Tukiwapima, damu ni nzuri, malaria hakuna. Nikiwauliza usiku wa jana wamelala saa ngapi, wanaanza kucheka. Basi leo tukae pamoja na kalamu na karatasi, tufanye hesabu ya juma zima.

Siku 7 mara saa 24 ni saa 168. Posti yetu ni ya saa 8, na nusu saa ya kula iko ndani yake. Siku 6 ni saa 48 mahali pa kazi, na ukitoa zile nusu saa za kula inabaki kazi ya saa 45. Hizo ndizo saa ambazo Sheria ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 haitaki zipitwe kwa juma, nayo kwa siku moja haitaki kazi ipite saa 9. Haya, 168 toa 48, zinabaki 120. Weka saa 2 za njia kila siku ya kazi, ni 12, zinabaki 108. Weka usingizi wa saa 8 kila siku, ni 56. Zinabaki saa 52. Saa hamsini na mbili za kula, kuoga, kuongea na watoto, kusali, kulima, kwenda kuona wagonjwa. Ni nyingi kuliko zile tulizokaa kazini. Sasa, ni nani anayeziiba?

Mimi nasema tunagawa juma kwa njia mbaya. Tunaanza na kazi ya kampani, kisha tunaweka biashara ndogo ya kuongeza mshahara, kisha jamaa, kisha kanisa, kisha mpira. Kile kinachobaki chini ya chungu ndicho tunachoita usingizi. Wazee wanatuambia ya kuwa neno poso, tunalolitumia kwa Lingala kuita juma, limetoka kwa posho iliyogawanywa mara moja kila juma. Mama aliyepokea unga ule aliupima siku ile ile: huu wa leo, huu wa kesho, huu wa mwisho. Hakuwapikia wageni wote siku ya kwanza na kuwaambia watoto wangoje. Lakini usingizi tunaugawa hivyo hivyo, na Alhamisi tunashangaa kuona mikono inatetemeka.

Mtu mzima anahitaji kulala saa 7 au zaidi. Kuko watu wanaojivuna ya kuwa wamezoea saa 4. Hawakuzoea. Wamezoea kusikia vibaya, kama mtu aliyekaa karibu na kompresere miaka kumi na hasikii tena kelele. Sikio lake limekwisha haribika.

Mwaka 1997 wachunguzi wawili wa Australia waliandika katika gazeti la Nature jambo ambalo ningependa libandikwe kwenye mlango wa kila kamiyo. Waliwapima watu waliokaa macho, kisha wakawapima watu waliokunywa pombe. Waliona ya kuwa mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo, mikono yake na akili yake vinafanya kazi kama vya mtu mwenye pombe ya sehemu 0.05 kwa mia katika damu. Katika nchi nyingi za Ulaya kipimo hicho ndicho mpaka wa kushika usukani. Fanya hesabu yako mwenyewe: ukiamka saa kumi usiku ili uwahi posti ya kwanza, itakapofika saa tatu usiku umekwisha timiza saa 17. Ukipanda piki-piki yako kubeba watu Mangobo au Kabondo saa hiyo, wewe ni mlevi ambaye hakulipa hata chupa moja ya Primus.

Neno moja juu ya saa, kwa sababu nimeona watu wakikosana. Hapa ninahesabu kwa Kiswahili: saa kumi na mbili asubuhi ni ile inayoitwa saa 6 kwa Kifaransa. Tena, Kisangani iko saa moja mbele ya Kinshasa. Ukinunua simu kwa mtu aliyetoka Kinshasa na usibadili saa yake, itakuamsha wakati kamiyo ya kazi imekwisha ondoka.

Sasa tuwatafute wezi wa usingizi, mmoja mmoja.

Mpira ni mwizi mdogo. Wakati wa baridi ya Ulaya, mchezo wa kombe lao kubwa unaanza saa nne usiku kwa saa yetu na kwisha karibu na saa sita. Anayekaa Lubunga na mwenye kuvuka mto kwa mtumbwi kabla ya kupanda kamiyo anaamka saa kumi, au mapema zaidi. Amelala saa tatu na kitu. Basi, tazama nusu ya kwanza, nenda ulale, utaambiwa mabao asubuhi. TS Malekesa na AS Nika wanacheza mchana, na hao ndio watu wetu.

Matanga ni jambo gumu zaidi, nami sitafanya mzaha nalo. Mtu akifiwa, hatuwezi kumwacha peke yake. Lakini ni nani aliyesema ya kuwa kulia pamoja naye ni lazima iwe mpaka jogoo awike, usiku tatu mfululizo, na katikati yake uende kushika mashini? Nenda baada ya kazi, toa mchango wako, kaa na wafiwa, na saa tatu usiku waage. Waambie wazi: "Kesho niko posti ya kwanza." Jamaa wa kweli ataelewa. Wale ambao hawaingii kazini kesho yake, hao ndio wakeshe. Kesha la kanisa ni vivyo hivyo. Kama unafanya kazi Jumamosi asubuhi, kesha la Ijumaa si lako juma hili. Juma lijalo ukiwa na nafasi, nenda uimbe mpaka mapambazuko. Sijui mchungaji mwenye moyo mzuri anayetaka kuzika mwimbaji wake.

Mwizi mkubwa ni ile kazi ya pili. Zamani ilikuwa toleka, kubeba watu kwa kinga. Leo wengi wana piki-piki. Sitakuambia uache, maana ninajua bei ya mchele sokoni na ninajua ada ya shule. Mwenye posti ya kwanza anaweza kubeba watu alasiri mbili kwa juma, na siku yake ya mapumziko mpaka adhuhuri, kisha afunge piki-piki. Saa ya kufunga iwekwe mapema, isingoje mteja wa mwisho, kwa maana mteja wa mwisho hayuko. Lakini yule wa posti ya tatu, anayetoka mashimoni saa kumi na mbili asubuhi na saa moja yuko kwenye kituo anangoja wateja, huyo simpi ushauri wa kugawa saa. Ninamwambia achague. Hakuna karatasi ya hesabu itakayofanya mtu yule alale.

Nitawaeleza jambo moja nililoliona, bila jina. Mfanyakazi wa konkasere, mtu wa miaka mingi ya kazi, alikuwa na matanga ya mjomba usiku mbili. Usiku wa tatu akaingia posti. Kati ya saa tisa na saa kumi mkanda wa kubeba mawe ukasimama, jiwe limekwama. Aliingiza mkono kulitoa. Hakufunga umeme, hakuita mwenzake. Mwenzake naye, kule upande wa pili, hakumwona, akarudisha mkanda. Tulifunga mkono tukampeleka hospitali mjini, lakini vidole viwili havikuokoka. Watu walisema hakufuata sheria. Ni kweli. Lakini sheria ile aliijua kuliko mimi. Yeye ndiye aliyewafundisha vijana wa posti yake. Nilipomuuliza alikuwa anafikiri nini wakati ule, akanijibu: "Sikuwa ninafikiri kitu." Jibu hilo ni la kweli kabisa, kiganga. Akili iliyokosa usingizi inafunga mlango kwa sekunde mbili au tatu huku macho yako wazi, na mwenyewe hajui. Kamiyo inayokwenda kilometa 40 kwa saa inapita metre 33 kwa sekunde tatu. Pima metre 33 kutoka ukingo wa shimo letu uone.

Saa zile si za bahati. Mwili una saa yake ndani, na kati ya saa nane na saa kumi na moja usiku inashuka chini kabisa, hata kwa mtu aliyelala vizuri mchana. Wakubwa wa dunia wamelipia jambo hili. Mashini ya atomu ya Three Mile Island kule Marekani iliharibika saa kumi usiku, tarehe 28 Machi 1979. Gesi ya Bhopal kule India ilitoka usiku wa tarehe 2 kuamkia 3 Desemba 1984. Tchernobyl ilipasuka saa saba na dakika 23 usiku, tarehe 26 Aprili 1986. Sisemi usingizi ndio uliofanya yote. Kulikuwa na mashini mbovu na amri mbaya. Lakini amri mbaya ikitolewa usiku wa manane, anayetakiwa kuikataa ni mtu aliyechoka.

Kwa hiyo, ukiwa kazini, usiitegemee akili yako kama mtu anavyotegemea ukuta. Itegemee kufuli. Kila anayeingiza mkono katika mashini afunge umeme kwa kufuli lake mwenyewe, na ufunguo ukae mfukoni mwake, usikae kwa kapita. Vile vile kuna desturi ya waendesha treni wa Japani ambayo ninaipenda: kabla ya kuondoka wanaelekeza kidole kwenye taa na kusema kwa sauti kile wanachokiona. Mgeni akiwaona anaweza kucheka. Nawe fanya hivyo: elekeza kidole, sema "umeme umefungwa", sema "hakuna mtu chini". Mdomo unaamsha macho. Na simu ibaki ndani ya sanduku la nguo. Habari ya nyumbani iliyo ya haraka kweli itapita kwa ofisi ya kazi.

Hapa nina neno kwa makapita na wakubwa wa kazi, nao wasome bila kukasirika. Mtu wa posti ya tatu asipofika, ni rahisi kumshika yule wa posti ya pili na kumwambia aendelee. Yeye anakubali, kwa sababu anaona fedha za saa za ziada, na mashini haisimami. Ninaona ni jambo baya. Aliyeanza saa nane mchana, na aliamka saa moja asubuhi, saa sita usiku anatimiza zile saa 17 tulizosema, na bado ana saa sita mbele yake hadi mapambazuko. Na ile sheria ya saa 9 kwa siku tumekwisha isoma. Afadhali mashini moja ilale kuliko mtu asiamke. Kazi za hatari, kama kubadili sehemu za konkasere au kuingia mahali pa giza, ziwekwe mwanzo wa posti. Mwisho wa usiku ubaki kwa kufagia na kuandika vitabu. Na mkibadili posti, badilini kwa kwenda mbele: kutoka asubuhi kwenda alasiri, kutoka alasiri kwenda usiku. Mwili unafuata njia hiyo vizuri kuliko kurudishwa nyuma.

Sasa nyumbani. Nyumba nyingi zetu zina mabati juu. Jua hapa kwetu linatoka muda mfupi baada ya saa kumi na mbili mwaka mzima, na saa tano bati linachoma. Kwa hiyo baba wa posti ya tatu alale mara tu anapofika. Asipite sokoni, asikae kwa jirani kusikia habari. Oga, kula kidogo, lala. Funga dirisha kwa kitambaa cheusi, shusha chandarua hata mchana. Watoto wachezee upande wa pili wa kiwanja. Ukiwa na jirani mwenye kinyozi na muziki wake, mwendee kwa heshima, umweleze siku zako za usiku. Wengi hawajui tu.

Lakini wababa, tusemezane kweli. Katika nyumba ile kuna mtu mwingine ambaye usingizi wake hauhesabiwi na mtu. Mama anaamka kabla yako ili maji yawe moto, anakwenda shambani au sokoni, anarudi na kuni, anapika, na usiku mtoto akilia si wewe unayeamka. Juma lake halina siku ya mapumziko iliyoandikwa katika sheria yoyote. Ninawaona katika dispensari: shinikizo la damu, maumivu ya mgongo, vidonda vya moto wa jiko saa ya alfajiri. Ukimwomba akulindie usingizi wako wa mchana, nawe mlindie wa kwake. Unga upimwe na maji yatekwe jioni. Kijana wa miaka kumi na miwili anaweza kuwasha moto mara mbili kwa juma, awe mvulana au msichana. Tena tazama Wagenia pale kwenye maporomoko yao: wanatega vikapu katika mto, kisha wanakwenda, na mto unafanya kazi yake. Hata nyumba inaweza kuwa na mambo yanayotegwa jioni.

Juu ya kahawa na makasu nitasema kwa kifupi. Vyote viwili vina dawa moja ndani, kafeini, inayoondoa usingizi, na baada ya saa tano hivi nusu yake bado iko katika damu. Ukinywa kahawa saa tisa usiku, saa mbili asubuhi, wakati unataka kulala, nusu ya kikombe inakungoja kitandani. Kunywa mwanzo wa posti, kisha acha. Lotoko na pombe nyingine zinakulaza haraka na kukuamsha upesi. Usingizi wake umekatika-katika kama barabara ya wakati wa mvua. Kinachosaidia ni kulala kidogo alasiri kabla ya usiku wa kwanza wa posti ya tatu.

Ninamaliza na malaria, maana ndiyo inayoharibu juma kuliko mpira na matanga yote. Mtu mwenye haraka anameza dawa siku ya kwanza, homa inashuka, anasema amepona, anarudi kazini na vidonge vinabaki kwenye kabati. Juma la pili amelala chini tena. Dawa yenye artemeteri na lumefantrini inamezwa mara 6 kwa siku 3: ya kwanza papo hapo, ya pili baada ya saa 8, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili. Ukimeza ya kwanza saa mbili asubuhi, ya pili ni saa kumi alasiri, na siku zinazofuata ni saa mbili asubuhi na saa mbili usiku. Imeze na chakula chenye mafuta, sombe ya mawese au karanga zinatosha, ndipo mwili unaipokea vizuri. Cheti cha kupumzika tutakupa. Kitumie kulala, usikitumie kwa piki-piki. Andika zile saa sita kwenye karatasi, bandika juu ya kitanda, na mama afute moja kila unapomeza.

Walio posti ya tatu wanaotaka kupimwa au kuchukua dawa za shinikizo la damu wasirudi tena mchana kupanga mstari. Pigeni hodi dispensari mnapotoka kazini, kabla ya kupanda kamiyo. Nitawapokea kwanza, na saa mbili muwe kitandani.